Ngiri ya Mtoto Njiti: Afanyiwe Upasuaji Lini?

Wazazi wengi wa watoto waliozaliwa kabla ya wakati, ambao katika jamii yetu tumezoea kuwaita watoto njiti, hukutana na jambo lisilotarajiwa pale mtoto anapokaribia kuruhusiwa kwenda nyumbani. Wakati wa kumbadilisha nepi huonekana uvimbe kinenani, unaojitokeza mtoto akilia na kupotea akitulia. Daktari huueleza kuwa ni ngiri, na huongeza kwamba tiba yake ni upasuaji. Hapo huzuka swali ambalo makala haya yanakusudia kulijibu: je, mtoto afanyiwe upasuaji sasa, angali hospitalini, au aende nyumbani kwanza akue ndipo arejeshwe?

Kwa miaka mingi jibu la swali hili lilitegemea desturi ya hospitali na mazoea ya daktari. Siku hizi upo ushahidi ulio bora zaidi, na mzazi anayo haki ya kuufahamu kabla ya kutia sahihi fomu ya ridhaa. Tunasema mapema kwamba makala haya hayachukui nafasi ya daktari anayemwona mtoto. Lengo letu ni kumwezesha mzazi kuuliza maswali yanayofaa na kuyaelewa majibu atakayopewa.

NGIRI YA KINENA NI NINI?

Mtoto wa kiume angali tumboni mwa mama yake, korodani zake hukaa ndani ya tumbo, karibu na figo. Katika miezi ya mwisho ya ujauzito hushuka kupitia njia nyembamba iliyoko kinenani hadi kwenye mfuko wake. Utando wa tumbo hufuatana nazo na kufanya kijifuko kirefu kama kidole cha glavu. Kwa kawaida kijifuko hicho hujifunga karibu na wakati wa kuzaliwa au baada yake. Mtoto akizaliwa kabla ya miezi yake kutimia, mara nyingi kijifuko huwa bado kiko wazi. Mtoto anapolia, kukohoa au kujikamua, sehemu ya utumbo husukumwa na kuingia humo, na huo ndio uvimbe unaoonekana.

Watoto wa kike nao hupata ngiri, ingawa ni wachache kuliko wa kiume. Kwao kinachoingia huweza kuwa ovari, na uvimbe huonekana juu kidogo ya shavu la uke. Ngiri hutokea zaidi upande wa kulia, lakini kwa watoto njiti si ajabu kuikuta pande zote mbili.

Kati ya watoto waliozaliwa kwa kutimiza miezi, mmoja hadi watano katika kila mia hupata ngiri ya kinena. Kwa watoto njiti idadi huwa kubwa zaidi, na kwa wale waliozaliwa wadogo sana huweza kukaribia watoto thelathini katika kila mia. Kwa hiyo mzazi asijilaumu kwamba alimwacha mtoto alie mno au kwamba alimbeba vibaya. Mlango uliopaswa kufungwa haukupata wakati wa kufungwa.

Ni vyema pia kutofautisha ngiri ya kinena na ngiri ya kitovu. Ngiri ya kitovu hujitokeza penye kitovu chenyewe, na kwa watoto wengi hujifunga yenyewe katika miaka ya mwanzo ya maisha. Ngiri ya kinena kwa kawaida haipaswi kuachwa kwa matumaini hayo. Kufunga mkanda, kitambaa au sarafu juu ya uvimbe hakuzibi tundu lililoko ndani, bali huweza kuchubua ngozi na kuficha dalili za hatari.

KWA NINI KUNA MVUTANO KUHUSU WAKATI?

Hatari kubwa ya ngiri ni kunaswa. Utumbo ulioingia kwenye kijifuko huweza kubanwa ukashindwa kurudi tumboni. Ukibaki hivyo, mtiririko wa damu hupungua, utumbo huanza kuharibika, na korodani au ovari iliyo karibu nao huweza kudhurika. Hali hiyo ni ya dharura. Kwa kuwa watoto wachanga hukabiliwa na hatari hii kuliko watoto wakubwa, madaktari wengi walishauri kwamba mtoto njiti asiruhusiwe kutoka hospitalini kabla ngiri haijarekebishwa.

Kwa upande mwingine, mwili wa mtoto njiti haujakomaa kwa ajili ya upasuaji. Sehemu ya ubongo inayoongoza upumuaji bado ni changa, na baada ya dawa ya usingizi mtoto huweza kusita kupumua kwa sekunde kadhaa, pengine zaidi ya mara moja. Wapo wanaohitaji kurudishwa kwenye mashine ya kupumulia ambayo walikwisha kuachana nayo. Hatari hii huwa kubwa kwa mtoto aliyezaliwa mapema sana, mwenye upungufu wa damu, au ambaye mapafu yake yalidhoofishwa na kukaa muda mrefu kwenye mashine na oksijeni. Hatari hupungua kadiri wiki zinavyopita. Tena, kijifuko cha ngiri cha mtoto mdogo sana ni chepesi mno, na mshipa wa mbegu pamoja na mishipa ya damu ya korodani imeshikamana nacho. Kuvitenganisha bila kuvijeruhi ni kazi ngumu hata kwa mkono wenye uzoefu.

Hivyo kuharakisha kuna hatari zake, na kusubiri nako kuna zake. Ilibidi hatari hizo zipimwe.

UTAFITI UMEONESHA NINI?

Mwezi Machi 2024 jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali 39 nchini humo. Watoto njiti 338 wenye ngiri ya kinena waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi la kwanza lilipangiwa upasuaji kabla ya kutoka katika wodi ya watoto wachanga. Kundi la pili lilipangiwa kwenda nyumbani na kurudi kwa upasuaji baada ya kutimiza umri wa jumla wa wiki 55, ambao tutaueleza hapa chini. Watoto hao walifuatiliwa kwa miezi kumi, na watafiti wakahesabu waliopatwa na tatizo kubwa, kama vile kusita kupumua kulikohitaji msaada au ngiri kunaswa.

Kati ya watoto 159 wa kundi la mapema ambao taarifa zao zilikamilika, 44 walipata angalau tatizo moja kubwa, yaani 28 katika kila mia. Kati ya watoto 149 wa kundi la kusubiri, waliopata tatizo walikuwa 27, yaani 18 katika kila mia. Kwa hesabu za watafiti, uwezekano kwamba kusubiri ndiko kulikokuwa na nafuu ulikuwa 97 katika mia. Nafuu hiyo ilidhihirika zaidi kwa watoto waliozaliwa kabla ya wiki 28 za ujauzito na kwa wale wenye ugonjwa sugu wa mapafu unaowapata watoto njiti. Aidha, baadhi ya watoto walioachwa wakue ngiri yao haikuonekana tena, wakaepuka upasuaji.

Mzazi afahamu mambo mawili kuhusu matokeo haya. Kwanza, kusubiri hakukuondoa hatari yote. Watoto 18 katika kila mia bado walipata tatizo. Pili, watoto hao walisubiri huku wakifuatiliwa, na hospitali zenye uwezo wa kuwapasua zikiwa zinawajua. Huko hakukuwa kuachwa bila uangalizi.

NAMNA YA KUHESABU UMRI WA MTOTO NJITI

Madaktari hawapangi upasuaji wa mtoto njiti kwa kuangalia tarehe ya kuzaliwa peke yake. Huchukua wiki za ujauzito alizozaliwa nazo, wakaongeza wiki alizoishi tangu kuzaliwa. Jumla hiyo ndiyo tunayoiita umri wa jumla.

Kwa mfano, mtoto aliyezaliwa akiwa na wiki 28, na sasa ana wiki 12 tangu azaliwe, umri wake wa jumla ni wiki 40. Ingawa ana karibu miezi mitatu, kwa ukomavu wa upumuaji ni kama mtoto aliyezaliwa leo kwa kutimiza miezi. Atafikisha wiki 55 akiwa na wiki 27 tangu kuzaliwa, yaani miezi sita na siku kadhaa. Mwenzake aliyezaliwa na wiki 34 atafikisha umri huo akiwa na wiki 21, karibu miezi mitano. Njia nyepesi ya kukumbuka ni kuhesabu wiki 15 kuanzia tarehe ambayo mama alitarajiwa kujifungua.

Andika hesabu hiyo nyuma ya kadi ya kliniki ya mtoto. Mhudumu yeyote atakayempokea, hata usiku wa manane na mahali msipofahamika, ataihitaji.

KUSUBIRI KUNA MASHARTI

Hapa ndipo tunapowaomba wasomaji wetu wawe waangalifu. Utafiti tulioueleza ulifanyika Marekani. Huwezi kuchukua jibu lake na kulitumia kila mahali bila kutazama mazingira ya familia. Uvimbe ukinasa, saa zina thamani. Familia inayoishi umbali wa nusu saa kutoka hospitali yenye daktari wa upasuaji wa watoto haiko sawa na familia inayohitaji kuvuka ziwa, kusubiri basi la alfajiri, au kukopa nauli.

Nchini Tanzania, kwa mfano, mpangilio wa rufaa huanzia zahanati na kituo cha afya, ukapanda hadi hospitali ya wilaya, ya mkoa, ya kanda na ya taifa. Si kila ngazi ina mtaalamu wa kumpa usingizi mtoto mwenye kilo tatu. Mtoto aliyepata malezi ya njiti Bugando, Mwanza, au KCMC, Moshi, huweza kuwa anarejea kijiji kilichoko mbali sana na milango ya hospitali hizo. Kwa familia ya namna hiyo, daktari anaweza kuwa na sababu nzuri ya kushauri upasuaji kabla ya kuondoka, au kushauri mama na mtoto wakae kwa ndugu walio karibu na hospitali hadi wakati utimie.

Kwa maoni yetu, kusubiri nyumbani kunafaa iwapo masharti haya yametimia:

1. Uvimbe unarudi tumboni kwa urahisi, na daktari amelithibitisha hilo kwa kumpima mtoto.
2. Wazazi, pamoja na bibi, dada au yeyote anayebaki na mtoto, wameoneshwa dalili za hatari na wanazifahamu.
3. Familia inajua ni hospitali gani ya kukimbilia, itafika kwa usafiri gani, na fedha ya safari hiyo imewekwa kando.
4. Tarehe ya kliniki na makadirio ya tarehe ya upasuaji vimeandikwa. Ahadi ya mdomo kwamba "mtarudi akikua" haitoshi.
5. Familia imepewa namba ya simu ya wodi au kliniki ya kuuliza.

Sharti mojawapo likikosekana, mweleze daktari bila haya. Umbali na uwezo wa familia ni sehemu ya taarifa za kitabibu katika uamuzi huu, na daktari asiyeambiwa hawezi kuzipima.

DALILI ZISIZONGOJA

Wakati wote wa kusubiri, mpelekeni mtoto hospitalini mara moja, usiku au mchana, mkiona lolote kati ya haya:

- uvimbe umekuwa mgumu na haurudi hata mtoto anapotulia au kulala;
- mtoto analia bila kunyamazika, au analia zaidi uvimbe unapoguswa;
- anatapika, hasa matapishi ya rangi ya kijani;
- tumbo limejaa na kukaza, au hapati choo;
- ngozi juu ya uvimbe imekuwa nyekundu, ya zambarau au nyeusi kuliko kawaida;
- mtoto amelegea, hataki kunyonya, au anasita kupumua.

Msijaribu kuusukuma uvimbe kwa nguvu, wala msiupake dawa au kuukanda kwa maji ya moto. Mkifika, semeni tangu mlangoni: "Huyu ni mtoto njiti, ana ngiri, na uvimbe haurudi." Maneno hayo machache humsaidia mpokeaji kujua kwamba mtoto hapaswi kukaa kwenye foleni. Mwelezeni pia saa mtoto aliponyonya mara ya mwisho.

KUHUSU DAWA YA USINGIZI

Wazazi wengi huogopa kwamba usingizi wa upasuaji utadumaza akili ya mtoto. Hofu hiyo inaeleweka, na imechunguzwa katika upasuaji huu huu wa ngiri. Utafiti wa kimataifa uliohusisha watoto wachanga 722 katika hospitali 28 za nchi saba, zikiwemo Australia, Italia na Uingereza, ulilinganisha usingizi kamili na ganzi ya uti wa mgongo au ya nyonga ambapo mtoto hubaki macho. Matokeo ya walipofikisha miaka mitano yalichapishwa mwaka 2019. Usingizi uliodumu chini ya saa moja haukuonekana kupunguza uwezo wa akili ukilinganishwa na ganzi.

Hatari ya kuzingatia zaidi kwa mtoto njiti ni ile ya upumuaji saa chache baada ya upasuaji. Ndiyo sababu mtoto ambaye umri wake wa jumla bado ni mdogo hulazwa angalau usiku mmoja akiwa ameunganishwa na kifaa kinachofuatilia pumzi na mapigo ya moyo. Mkiambiwa kwamba mtoto wa namna hiyo atapasuliwa asubuhi na kuondoka jioni, ulizeni sababu, na ulizeni nani atamwangalia usiku.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KUTIA SAHIHI

Ridhaa ni uamuzi unaotolewa baada ya kuelewa. Fomu iliyosainiwa harakaharaka mlangoni mwa chumba cha upasuaji haimsaidii mzazi wala daktari. Tunashauri mwende na maswali haya yakiwa yameandikwa:

1. Umri wa jumla wa mtoto wetu ni wiki ngapi leo, na mapafu yake yako katika hali gani?
2. Kwa mtoto wetu mwenyewe, ni hatari gani kubwa zaidi: kupasuliwa sasa au kusubiri?
3. Kama tutasubiri, tutasubiri hadi lini, na ni jambo gani likitokea litabadilisha mpango?
4. Nani atafanya upasuaji na nani atatoa usingizi? Je, wana uzoefu na watoto wadogo kiasi hiki?
5. Je, kitanda chenye kifaa cha kufuatilia pumzi kitakuwepo baada ya upasuaji?
6. Je, upande wa pili wa kinena nao utachunguzwa?
7. Je, mtoto aendelee kunyonya hadi saa ngapi kabla ya upasuaji?

Mkipewa majibu msiyoyaelewa, ombeni yarudiwe kwa lugha nyepesi. Maadamu hakuna dharura, mnaweza kuomba muda wa kushauriana na familia, au maoni ya daktari wa pili. Kufanya hivyo si kumdharau daktari wa kwanza.

GHARAMA NA NYARAKA

Ombeni makadirio ya gharama kwa maandishi, yakionesha ada ya upasuaji, usingizi, vipimo, dawa na kulazwa. Wenye bima ya afya waulize mapema kama mtoto ameandikishwa kwa jina lake, kwani suala hili likigunduliwa siku ya upasuaji huchelewesha huduma. Dai risiti kwa kila malipo. Familia isiyo na uwezo iulize ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kuhusu utaratibu wa msamaha.

Kabla ya kuondoka wodini, hakikisheni mmekabidhiwa muhtasari wa matibabu unaotaja wiki alizozaliwa nazo mtoto, uzito wake, muda aliokaa kwenye oksijeni au mashine, dawa anazotumia, na upande wenye ngiri. Hifadhini nakala mahali pasipolowa, na pigeni picha ya karatasi hiyo kwa simu.

NENO LA MWISHO

Kwa watoto njiti wengi, hasa waliozaliwa mapema sana au wenye mapafu dhaifu, ushahidi uliopo unaelekea upande wa kuwaacha wakue kwanza, hadi karibu wiki 55 za umri wa jumla. Mzazi anayeambiwa asubiri asidhani kwamba mtoto wake amepuuzwa. Na anayeambiwa afanye sasa kwa sababu nyumbani ni mbali asidhani kwamba ameharakishwa bila sababu. Jambo la kudai katika hali zote mbili ni moja: mpango ulioandikwa, unaotaja tarehe, hospitali ya kukimbilia, na dalili za kuangalia. Mzazi asiondoke hospitalini kabla ya kuupata.